Ndevu za Kiki: Dume wa Samaki Wangu Analea Watoto, Staa Wetu Anatafuta Mtoto wa Kupiga Naye Picha

Leo nina ubuyu wa moto ila umechanganyika na samaki, kwa hiyo kaa mkao wa kula. Kuna msanii mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni, ambaye mwaka huu ameamua kuwa "family man". Kuna mzazi mwenzie, naye jina kapuni, ambaye ni jirani yangu huku Mbagala. Halafu kuna pleko wawili walioko sebuleni kwangu, ambao hawana akaunti yoyote mtandaoni lakini wametufundisha sote wawili kitu. Dada jirani ameniruhusu niandike, ila tumekubaliana sitataja mtaa, saluni wala wimbo. Mkianza kubahatisha majina huko chini kwenye komenti nafuta, nimeshawaambia mapema.

Twende taratibu.

Wengi mnamjua pleko hata kama hamjui jina lake. Ni yule samaki anayejibandika kwenye kioo cha tangi kwa mdomo kama kafungwa na gundi, ananyonya ule ukijani. Wauzaji wengi mjini wanamwita "samaki msafishaji", wanakuuzia pamoja na goldfish na kukwambia hutosafisha tangi tena. Uongo huo. Anakula ukijani kweli, lakini na yeye anajisaidia, tena sana. Asili yake ni Amerika ya Kusini, huko mto Amazon na mito ya jirani, na ni jamii ya kambale. Ila huyu hana ngozi laini kama kambale wetu, ana magamba magumu kama kavaa deraya.

Sasa pleko wako wa aina nyingi. Yule mkubwa wa kawaida anayeuzwa akiwa kadogo kama kidole, anaweza kufika sentimita 40 na zaidi. Yule hata umuweke miaka kumi kwenye tangi la sebuleni hatazaa, kwa sababu kwao huwa wanachimba mashimo kwenye kingo za mto na kutagia humo. Na kwa macho huwezi kujua huyu dume au huyu jike. Aina niliyonayo mimi ni ile ndogo, wataalamu wanaiita Ancistrus. Anaishia kwenye sentimita 10 mpaka 13 hivi, na ndiye anayezaa vizuri nyumbani. Huyu ndiye mwenye ndevu.

JINSI YA KUJUA DUME NA JIKE

Swali hili naulizwa kila nikiposti picha ya tangi langu, kwa hiyo leo nalimaliza.

Dume akikomaa anaota ndevu usoni. Siyo manyoya, ni vinyama laini virefu kama mizizi ya muhogo, vingine vinagawanyika ncha mbilimbili. Vinaanzia puani vinapanda mpaka juu ya paji la uso katikati ya macho. Jike ama hana kabisa, ama ana vidogo vifupi pembeni ya mdomo tu, havipandi juu. Kwa hiyo kanuni ni rahisi: usiangalie kama ndevu zipo, angalia ziko wapi. Zikiwa katikati ya uso ni kidume. Zikiwa ukingoni tu, mfupi mfupi, ni jike.

Shida ni kwamba wakiwa wadogo wote wanafanana. Ndevu zinaanza kuonekana wakifikisha kama miezi sita, au urefu wa sentimita 5 mpaka 7. Mtu akikuuzia katoto ka sentimita 3 na kukuapia "huyu jike bosi wangu", jua anakuuzia maneno. Namna ya pili ni kumwangalia kwa juu. Jike mwenye mayai anakuwa mpana tumboni, nyuma kidogo ya mapezi ya mbele. Dume upana wake uko kichwani.

Na usiweke madume wawili kwenye tangi dogo. Wana miiba mashavuni, wakikasirika wanaitoa nje kama mtu anayefungua visu viwili. Watagombania pango mpaka mmoja aumie.

Mimi nilinunua wakubwa tayari, elfu ishirini wawili, nikiwa nimeona ndevu kwa macho yangu. Tangi langu ni la lita 100 hivi, lina pampu ya hewa na chujio la sponji, kipande cha gogo kavu wanachopenda kukwangua, vifuu vya nazi viwili nilivyotoboa mlango, na kipande cha bomba la plastiki la nchi mbili nilichoziba upande mmoja. Dume alikataa vifuu vyote vya nazi. Akachagua bomba. Hata samaki wa siku hizi anataka nyumba ya kisasa.

Dada jirani alianza kuja kuangalia kwa sababu ya mwanae. Mtoto ana miaka minne, akitoka chekechea anakuja moja kwa moja mlangoni kwangu: "Anko shkamoo, samaki wameamka?" Pleko ni watu wa usiku, mchana wamejificha. Nikamfundisha kuwaita kwa tango. Unakata kipande, unakichoma kwenye uma ili kizame, unakiacha chini. Mchicha wa kuchemsha kidogo pia wanakula, na boga. Mtoto anakaa hapo na mama yake anakaa kwenye kiti cha plastiki, anashika simu, na mimi nasikia ubuyu.

NDEVU ZA KAZI GANI?

Hapa ndipo utamu ulipo.

Watu wengi wanadhani ndevu za dume ni za kutishia wenzake. Lakini mwaka 1999 watafiti watatu, Sabaj, Armbruster na Page, walitoa wazo ambalo mimi nilipolisoma nilicheka peke yangu usiku. Wazo lao ni hili: ndevu zile zinafanana na watoto. Vichanga vya pleko vikitoka kwenye yai vinabaki vimejibandika ndani ya pango karibu na baba yao, vidogo, vinatikisika tikisika. Na majike wa samaki hawa huwa wanavutiwa na dume ambaye tayari analinda watoto, maana huyo ameshaonyesha kwamba analea. Sasa dume mwenye ndevu usoni, akiwa mlangoni mwa pango gizani, anaonekana kama ana watoto wamemzunguka. Yaani dume anajitangaza: mimi ni baba, njoo.

Mdau, umeelewa hiyo? Kiki ya kwanza duniani ya "baba bora" haikuanzia Insta. Imeanzia mtoni huko Amazon.

Nilipomsomea dada jirani hii habari alinyamaza kidogo, kisha akanigeuzia simu yake. Kwenye kioo kulikuwa na meseji ya yule msanii. Nawaandikia kwa maneno yangu, siyo yake: anatoa wimbo unaohusu familia, video inapigwa wiki ile, anaomba mtoto aje siku moja tu, nguo atanunua yeye, usafiri atatuma. Na picha mbili tatu za kuposti siku ya bethidei.

Nikamuuliza, "Mara ya mwisho amemwona lini?"

"Akiwa na miezi minane."

Wakati huo alikuwa bado anatuma hela kidogo kwa simu. Kisha wimbo wake mmoja ukapasuka, akabadilisha namba, akaanza kuonekana na watu wakubwa. Kwenye mahojiano mtangazaji alipomuuliza kuhusu mtoto akasema hana mtoto, hizo ni stori za watu wanaotafuta umaarufu kwa jina lake. Dada aliyasikia mahojiano yale akiwa saluni, anasuka kichwa cha mteja, redio iko wazi. Mteja hakujua. Akaendelea kusuka.

Miaka mitatu na zaidi, na leo meseji inasema "mwanangu".

Wengine mtasema angempeleka tu, mtoto apate nguo na baba aanze kuzoea. Na yeye aliwaza hivyo. Nisiwadanganye, alikuwa katikati. Kodi ilikuwa imebaki wiki mbili. Alisema labda akimuona atamhurumia. Mimi sikumwambia afanye nini, siyo mtoto wangu. Ila kwenye jambo hili siko katikati sana, maana mimi mwenyewe baba yangu nimemjua kwa picha, mjomba ndiye aliyenisomesha mpaka kidato cha nne. Ile picha niliitunza miaka mingi. Picha haijawahi kuniuliza nimekula nini.

MASIKA NA MAYAI

Hayo yakiendelea, mvua za masika zikaanza.

Wanaotaka kuzalisha pleko wasikilize hapa. Kwao Amerika ya Kusini mvua zikinyesha mto unajaa maji ya baridi na mapya, na hiyo ndiyo ishara kwamba muda umefika. Kwenye tangi unaiga hivyo hivyo: unawalisha vizuri wiki mbili tatu, kisha unatoa maji kama robo au theluthi na kuweka mengine yenye ubaridi kidogo kuliko yaliyopo. Kidogo, siyo ya friji. Dar kuna faida na hasara. Faida ni kwamba huhitaji mashine ya kupasha maji, kwa sababu joto letu linatosha. Hasara ni kwamba Januari na Februari maji ya tangi yanapata joto sana, na maji ya moto yanabeba hewa kidogo. Ndiyo maana kuanzia masika mpaka kipupwe ndiyo msimu mzuri kwa wafugaji wa huku.

Na maji nayo yana mambo. Ya bomba yana dawa, yaache kwenye ndoo wazi siku nzima au tumia dawa ya kuondoa klorini. Visima vingi vya huku kwetu vina chumvi, pleko anavumilia kidogo lakini kuzaa anapenda maji laini. Maji ya mvua ni laini. Nilikinga ya bati baada ya mvua ya kwanza na ya pili kusafisha vumbi la paa, nikayachanganya na ya bomba. Siku ya nne tu dume akaanza kujaa mlangoni kwa bomba, anatikisa mkia, ndevu zote nje. Jike akaja, akaondoka, akarudi. Akaingia. Dume akaziba mlango kwa mwili wake, usiku mzima hakumtoa.

Asubuhi nikamulika na tochi ya simu. Mayai yale, rangi ya chungwa, makubwa kama punje za uwele zilizovimba, yameshikana kama kichane. Kama hamsini hivi. Na jike? Ametolewa nje. Hii ni kawaida: akishamaliza kutaga dume anamfukuza na yeye anaendelea na maisha yake, anakula tango lake. Kuanzia hapo kila kitu ni cha baba.

Mtoto akaja jioni kama kawaida. Nikambeba amulike mwenyewe. Akaangalia weee, kisha akauliza, "Mama yao yuko wapi?" Nikamwonyesha, yule pale kwenye gogo. "Na huyu?" Nikamwambia huyu ni baba yao, anawapepea wapate hewa. Akamgeukia mama yake na kusema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anaomba maji: "Mama, huyu baba yao yupo."

Dada akasema "Eeh, yupo," akaangalia pembeni.

USIKU WA GIZA

Usiku wa tatu umeme ukakatika saa mbili usiku. Kwa mfugaji wa samaki hii ndiyo ishu kubwa ya mji huu. Pampu ikizima maji yanatulia, hewa inapungua, na mayai yakikosa maji yanayopita juu yake yanaota ukungu mweupe. Ukungu ukishika yai moja unahamia jingine. Mafuta ya jenereta sina, betri sina. Ninachofanya ni kuchota maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu kama mtu anayepoza chai, kila baada ya dakika kumi na tano, ili hewa iingie.

Dada jirani alikuja na taa yake ya sola kwa sababu kwake mtoto alikuwa amelala na joto lilikuwa kali. Tukakaa zamu. Kila tukimulika dume yuko vile vile. Amejibandika juu ya mayai, mapezi yanapepea, yanapumzika kidogo, yanapepea. Niliweka tango karibu na mlango wa bomba, hakutoka. Samaki huyu siku zote nyingine ukiweka tango ni vita. Wakati wa mayai anaweza kukaa siku hata akale kidogo sana au asile kabisa. Kuna yai lilikuwa limebadilika rangi, tukamuona analitoa kwa mdomo, analiondoa, anarudi kupepea.

Nisiwapambie, siyo madume wote wako hivi. Dume mgeni wa kazi mara ya kwanza anaweza kuyapiga mayai nje au kuyala. Wapo. Lakini wengi wanajifunza, na wanaojifunza wanakaa.

Kwenye saa saba hivi dada akaanza kuniuliza samaki wetu wa hapa nao wakoje. Nikampa darasa, na nyie pokeeni.

Sato, yule tunayemla na ugali, jike ndiye anayebeba mayai mdomoni. Anakaa nayo mdomoni mpaka yanaanguliwa, na watoto wakitishwa wanarudi kujificha humo humo. Muda wote huo hali vizuri. Dume akishamaliza yeye anarudi kwenye shimo lake kuita jike mwingine. Hapo dada akacheka mpaka akashika ubavu. "Huyo namjua," alisema.

Kambale mwenyewe ndiyo kabisa. Mvua ikinyesha wanapanda kwenye majani yaliyofurika, wanataga, wanaondoka wote wawili. Hakuna baba, hakuna mama.

Ziwa Nyasa kuna kambale mkubwa ambaye Wamalawi wanamwita kampango. Hawa baba na mama wanalinda kiota pamoja, na mama anataga mayai mengine yasiyo na mbegu ili watoto wayale. Wazazi wawili ndani ya nyumba moja, wapo.

Na Ziwa Tanganyika, hapa hapa Tanzania, kuna samaki wa jamii ya gogogo mwenye madoadoa meusi. Huyu ni balaa. Anangoja samaki wengine wanaobeba mayai mdomoni wawe wanataga, anapita katikati yao kwa fujo, anaacha mayai yake, na yule mama anayaokota yote akidhani ni yake. Watoto wa gogogo wanaanguliwa mapema, na humo humo mdomoni wanawala watoto wa mwenye nyumba. Kubambikiwa siyo stori za mtaani tu, ziwani ipo. Kwa hiyo kaka zangu mnaopenda kuandika "tupimwe DNA kwanza", sibishani na nyie. Haki yenu. Ila pimeni basi. Msiishie kuandika.

Umeme ulirudi saa kumi na robo alfajiri. Pampu ikaanza kukoroma. Dada akanyanyuka, akaniambia usiku mwema wakati adhana inakaribia, kisha akasimama mlangoni.

"Kaka, huyu ana zile ndevu za kujionyesha kama yule," alisema. "Ila huyu baada ya kujionyesha amebaki."

ALICHOAMUA

Hakumpeleka mtoto kwenye video.

Alimjibu kwa meseji moja ndefu ambayo aliniomba nimsahihishie maandishi tu, maneno ni yake. Kwamba mtoto siyo nguo ya kuazima. Kwamba kama anamtaka mwanae aje amwone bila kamera, mlango uko wazi. Na kwamba kuhusu matunzo watakutana ofisi ya ustawi wa jamii. Msanii akasoma. Tiki mbili za bluu. Hakujibu. Kesho yake namba ya dada ilikuwa imeblokiwa.

Dada akaenda ustawi wa jamii kweli, Jumatatu, kabla ya kufungua saluni. Kwa faida ya dada zangu wengine wanaosoma hapa: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mzazi ana wajibu wa kumtunza mtoto, na mama anaweza kuomba matunzo. Haijalishi kama mlifunga ndoa au la. Kama baba anakana, kuna kipimo cha vinasaba kinachofanyika kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, ila huendi tu mwenyewe dirishani, maombi yanapitia kwa watu kama mahakama au ustawi wa jamii. Na kitu kilichomsaidia dada ni kwamba hakufuta chochote. Ile miamala ya simu ya miezi ya kwanza, mtoto akiwa mchanga, bado anayo yote na majina yake. Mtu aliyetuma hela ya maziwa hawezi kusema hakumjua mtoto. Tunzeni meseji zenu, jamani.

Alipewa barua ya wito ampelekee mwenzie. Mpaka naandika hapa, wito wa kwanza hajatokea. Wa pili unakuja. Dada amesema akikataa huo pia, safari inayofuata ni mahakamani, na hana haraka.

Video imetoka lakini. Mmeiona, wengi mmeiposti. Yule mtoto anayerushwa juu kwenye machweo pale ufukweni, mnayeandika "copy and paste na baba yake", ni mtoto wa kaka yake msanii. Ndiyo maana wanafanana. Komenti maelfu, "baba bora", "wanaume wajifunze", mioyo mekundu kila mahali. Dada aliiangalia mara moja, akanirudishia simu, akasema kale katoto kamependeza. Basi.

Ndevu zimefanya kazi.

NA SAMAKI?

Mayai yalianguliwa siku ya sita. Wanatoka na mfuko wa kiini tumboni, mkubwa kuliko wao, wanajibandika ukutani mwa bomba na kuula huo mfuko siku nne tano. Usiwape chakula wakati huo, unachafua maji bure. Baba anaendelea kuwalinda mpaka mfuko uishe na waanze kutoka wenyewe. Wakishatoka ndipo unawapa mchicha uliochemshwa, tango lililomenywa, na ukijani wa tangi. Badilisha maji kidogo kidogo mara kwa mara, maana wanakula sana na kuchafua sana. Nilihesabu 38 waliobaki hai, na kwa usiku ule wa giza mimi nasema dume yule anastahili tuzo.

Nikianza kuuza nitatangaza, lakini sharti langu moja: pleko wa aina yoyote akikushinda usimtupe mto Msimbazi wala Kizinga. Wale wakubwa wametupwa hovyo kwenye mito ya nchi kama Mexico, Ufilipino na Afrika Kusini, wakazaliana na kuwa kero kwa wavuvi, wanachimba kingo na kuchana nyavu. Nirudishie mimi, au mpe mtu mwenye tangi.

Mtoto wa jirani amechagua wake mmoja. Anajua ni yupi, mimi sijui anamjuaje, wote wanafanana kama mbegu za papai. Kila siku ananiuliza kama ni wa kiume au wa kike. Nimemwambia tusubiri miezi sita, tuone ndevu.

Haya, uwanja ni wenu. Swali langu leo: mzazi aliyepotea miaka, akarudi na kamera mkononi, unamfungulia mlango au unamwambia aanze kwanza na matunzo? Dondosha komenti, matusi hapana, na majina ya watu hapana.